Je, nifiche makosa ya mbwa ili apate nyumba?

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ninajitolea katika kituo kinachohifadhi mbwa waliotelekezwa, na mbali na kuosha vizimba na kuwatembeza mbwa asubuhi, nimepewa kazi ya kuandika kadi zinazobandikwa kwenye mlango wa kila kizimba. Kadi hizo ndizo wageni huzisoma wanapokuja kutafuta mbwa wa kwenda kuishi naye, na kwa muda mrefu niliiona kazi hiyo kuwa nyepesi kuliko zote, mpaka nilipokutana na mbwa anayenifanya nikuandikie leo.

Ni mbwa dume wa rangi ya kahawia iliyokolea, mwenye sikio lililochanika, anayekadiriwa kuwa na miaka 6. Siku aliyoletwa alinyakua chakula cha mhudumu mmoja kutoka mezani, na mhudumu huyo akampachika jina la Jambazi, jina ambalo limemganda hadi leo. Ameshachukuliwa mara mbili na kurudishwa mara mbili. Familia ya kwanza ilikaa naye siku 4, ikamrudisha kwa sababu alimngurumia baba wa nyumba na kumwonyesha meno alipojaribu kuondoa bakuli wakati mbwa bado anakula. Wa pili alikuwa mwanamke anayeishi peke yake, aliyemrudisha baada ya wiki 2 akisema kwamba mbwa huparura mlango na kulia kila anapoachwa. Tangu wakati huo kadi yake ina maneno haya tu, yaliyoandikwa kwa wino mwekundu na mtu aliyenitangulia: MKALI. AMERUDISHWA MARA MBILI. Sasa ametimiza miezi 11 kituoni.

Mbwa ninayemjua mimi ni mwingine kabisa. Mgeni akipita mbele ya kizimba, yeye huurukia wavu na kubweka hadi mate yanamruka. Lakini nikimtoa nje na kufika naye chini ya mti ulio nyuma ya kituo, hulala juu ya miguu yangu na kushusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo. Sijawahi kumwona akimuuma mtu yeyote. Mwezi uliopita mzee mmoja mjane alikuja mara mbili, akasimama mbele ya kizimba kwa muda mrefu, akauliza kama mbwa huyu anapenda kutembea, kisha akasoma kadi, akanishukuru, akaondoka.

Jumamosi ijayo wanakuja mume na mke wenye mtoto wa miaka 3, ambao wameiona picha yake na kuvutiwa naye. Nimeshawishika kuibandua kadi ile na kuandika nyingine isiyotaja bakuli wala kurudishwa, tena niongeze kwamba aliteswa na mtu aliyemfuga mwanzo, kwa kuwa wageni huguswa na habari za namna hiyo, ingawa kwa kweli hatujui lolote kuhusu maisha yake ya nyuma. Je, nitakuwa nimekosea ikiwa uongo huo utamwokoa? Kaka yangu, kwa upande wake, anasema nimepotoka, kwamba maadamu kuna watu wanaokosa mahitaji yao, si haki mtu mzima kumwaga machozi kwa ajili ya mbwa. Nampenda kaka yangu na maneno yake yameniuma. Nilifikiria pia kumpeleka Jambazi kwangu kwa siku 2 tu apumzike, kwani masharti ya nyumba ninayopanga hayaniruhusu kumfuga moja kwa moja, lakini naogopa kwamba kumrudisha kizimbani kutamuumiza kuliko kutomtoa kabisa.

Nishauri, shangazi.

Mwandika Kadi


Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nilisimama pale kwa mzee mjane, ambaye wewe umempitia kwa sentensi moja. Nitarudi kwake. Kwanza nikujibu lile uliloliuliza waziwazi: usiibandue kadi ile kwa nia ya kuficha habari ya bakuli, na usiwaache watu wenye mtoto wa miaka 3 waamini kwamba mbwa huyu hana tatizo. Mtoto wa umri huo hushika chochote anachokiona, na uso wake uko karibu sawa na kimo cha mdomo wa mbwa anayekula. Likitokea la kutokea, mtoto ataumia, wazazi hawatajisamehe, na mbwa uliyetaka kumwokoa ndiye atakayelipa kwa uhai wake, kwa kuwa mbwa aliyemuuma mtoto ni nadra kupewa nafasi nyingine.

Hata hivyo, uchungu ulio nao juu ya kadi ile una haki, na ningependa uuelewe vizuri ili usiutumie vibaya. Neno "mkali" halielezi jambo lolote ambalo mbwa huyo amelifanya. Ni hukumu, na anayesoma hukumu hana la kufanya ila kuikubali na kwenda zake. Linganisha na maneno haya: "Siku ya 4 katika nyumba mpya alinguruma na kuonyesha meno pale mtu alipoondoa bakuli lake akiwa anakula." Hapo hujaficha kitu, tena umesema mengi kuliko kadi ya wino mwekundu, lakini msomaji amepewa habari anayoweza kuipima. Anaweza kujiuliza kama nyumbani kwake yupo mtu atakayegusa bakuli, na kama hayupo, anaweza kuendelea kusoma.

Jinsi neno moja linavyoweza kumfunga mbwa kizimbani si dhana yangu tu. Mwaka 2016 mtafiti wa tabia za mbwa Lisa Gunter na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani kuhusu mbwa walioandikwa kuwa ni wa aina ya pitbull, mbwa wenye misuli ambao wengi huwaogopa. Waliwalinganisha na mbwa wanaofanana nao sana kwa sura lakini walioandikiwa jina la aina nyingine, wakakuta kwamba wale wa kwanza walisubiri kwa muda unaozidi mara tatu ya ule wa wenzao kabla ya kupata mtu wa kuwachukua. Kituo kimoja cha Florida kilipoacha kuandika aina ya mbwa kwenye kadi, idadi ya waliochukuliwa ilipanda. Miaka miwili baadaye watafiti hao walipima vinasaba vya mbwa zaidi ya 900 waliokuwa katika vituo viwili vya nchi hiyo, na walio wa aina moja safi hawakufika hata 5 katika kila 100. Maana yake ni kwamba maneno mengi yaliyokuwa yakiamua hatima ya mbwa hao yalikuwa makisio ya mtu aliyesimama mbele ya kizimba na kalamu mkononi, kama wewe.

Mfano mwingine ninaoukumbuka sana ni wa mwaka 2007, jimboni Virginia, ambako mbwa kadhaa walikamatwa katika kesi ya kupiganisha mbwa. Ilikuwa desturi kwamba mbwa waliotoka katika michezo hiyo wote huuawa, na hata baadhi ya watetezi wa wanyama walishauri wauawe, kwa imani kwamba hakuna linaloweza kurekebishika ndani yao. Safari hii mahakama iliruhusu wachunguzwe mmoja mmoja. Walio wengi walinusurika. 22 walipelekwa katika makao ya shirika la kuokoa wanyama la Best Friends kule Utah, wengine wakapata watu wa kuishi nao, na mmoja wao alikuja kuwa mbwa anayeketi na watoto wanaojifunza kusoma kwa sauti. Kilichobadilika ni kwamba mtu fulani alikubali kumtazama kila mbwa peke yake kabla ya kusema lolote juu yake.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtazame mgeni aliyekwisha kusoma neno MKALI anapofika kwenye mlango wa Jambazi: anasimama mbali, anakaza mwili, anamkodolea macho, anavuta mkono wa mwenzake. Kwa mbwa, mtu aliyekaza mwili na kumkazia macho ni mtu wa kutiliwa shaka, naye anaurukia wavu na kubweka, na mgeni anaondoka akiwa ameshawishika kwamba kadi ilisema kweli. Mbwa amejibu hofu ambayo kadi yenyewe iliipanda. Mambo haya yakirudiwa kila siku kwa miezi 11, mbwa hujifunza pia kwamba akibweka vya kutosha watu huondoka, jambo ambalo humfanya abweke zaidi.

Kizimba nacho kina lake. Michael Hennessy na wenzake walipopima kotisoli, homoni ambayo mwili huimimina wakati wa mfadhaiko, walikuta mwaka 1997 kwamba mbwa walio katika siku 3 za mwanzo kituoni walikuwa nayo karibu mara tatu ya mbwa wanaoishi majumbani. Fikiria kelele za usiku, harufu za dawa, milango ya chuma, na watu wasiofahamika wanaopita bila kusimama. Mbwa aliyelindia chakula chake mahali kama hapo, au siku ya 4 tu baada ya kutoka hapo, amekuonyesha namna anavyokula akiwa na hofu. Hajakuonyesha namna atakavyokula baada ya miezi 3 ya utulivu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulifuatilia mbwa waliopimwa kituoni kwa kuondolewa chakula mbele yao, na miongoni mwa wale walioonekana kuwa hatari, karibu nusu hawakuonyesha tabia hiyo walipofika majumbani, huku baadhi ya waliofaulu jaribio wakianza kuionyesha huko. Kwa hiyo habari ya bakuli isemwe, lakini isemwe pamoja na siku yake na mazingira yake.

Sasa kuhusu hadithi ya mateso uliyotaka kuiongeza. Nakusihi usiiandike, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu wema wako ndio unaokuponza. Huruma iliyojengwa juu ya jambo la kubuni humwendea mbwa ambaye hayupo. Mtu atakayemchukua Jambazi kwa kuamini kwamba alipigwa atamwonea haya kumwekea taratibu, atamsamehe kila kitu, atamkumbatia mahali anapohitaji kuachwa, na siku mbwa atakaponguruma, ataona kwamba amelipwa ubaya kwa wema. Isitoshe, sisi wanadamu ni wepesi mno wa kusoma hadithi zetu katika nyuso za mbwa. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz aliwajaribu mbwa 14 kuhusu ile sura ambayo wengi wetu huiita ya kujuta, yaani masikio kulala nyuma na macho kukwepa, akagundua kwamba ilitokea zaidi pale mwenye mbwa alipogomba, awe mbwa amekosa au hajakosa. Vivyo hivyo, mbwa anayejikunyata mbele ya mwanamume au fimbo huenda hakuwahi kupigwa na yeyote; huenda hakuzoeshwa watu na vitu hivyo katika wiki zake za mwanzo, kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, wakati ambapo mtoto wa mbwa hujifunza ni vitu gani vya ulimwengu ni vya kawaida. Hujui yaliyompata. Andika unayoyajua, nayo ni mengi kuliko unavyodhani: kwamba anatembea bila kuvuta kamba, kama ndivyo, kwamba hulala juu ya miguu ya mtu aliyeketi, kwamba huchukua muda fulani kutulia baada ya kutoka kizimbani.

Na lile jina libadilishwe wiki hii. Najua lilitolewa kwa mzaha na mhudumu huyo hakuwa na nia mbaya, lakini kila anayelisoma anafika kwa mbwa akiwa tayari na shtaka mkononi. Mbwa atazoea jina jipya katika siku chache, ukiliambatanisha na kipande kidogo cha chakula kila unapomwita.

Kuhusu kumpeleka kwako kwa siku 2, hofu yako ni ya mtu anayejali, ila hapa ninaweza kukutuliza. Gunter na wenzake walilichunguza swali hilo hilo na kulichapishia utafiti mwaka 2019, wakiwafuatilia mbwa 207 kutoka vituo vitano waliotolewa kwa usiku mmoja au miwili. Kotisoli ilishuka walipokuwa majumbani, na vipindi vyao vya kupumzika bila kukatizwa vikawa virefu zaidi. Waliporudishwa, kiwango kilipanda hadi pale kilipokuwa mwanzo, lakini hakikuzidi hapo. Siku hizo mbili ni likizo kwake, na wewe utakuwa umepata habari ambazo hakuna anayezijua: je, analala usiku kucha, anafanyaje ukitoka kwa dakika 5, anafanyaje ukimwekea bakuli na kuondoka bila kuligusa? Omba ruhusa ya kituo na ya mwenye nyumba. Wakikataa, usivunjike moyo, maana hata kuketi naye kwa dakika 15 na kumpapasa taratibu mahali tulivu kumeonekana kupunguza mapigo ya moyo ya mbwa wa vituoni. Umekuwa ukimfanyia hivyo chini ya mti ule bila kujua kwamba ni tiba.

Kaka yako usigombane naye. Swali lake ni la zamani sana. Mary Tealby alipofungua mjini London, mwaka 1860, makao ya mbwa waliopotea, ambayo baadaye yalihamia mtaa wa Battersea mjini humo na yapo hadi leo, alidhihakiwa magazetini kwa hoja hiyo hiyo, kwamba mji uliojaa watu wasio na makazi hauna sababu ya kuwajengea mbwa nyumba. Mimi nadhani kaka yako anaiona huruma kama akiba inayopungua kila inapotolewa, nami sijawahi kuiona ikifanya kazi hivyo kwa mtu yeyote ninayemfahamu. Unayeamka alfajiri kuosha vizimba hujamnyang'anya binadamu yeyote kitu. Lakini usimjibu kwa hoja. Mwalike aje siku moja akusaidie kuwatembeza, na akikataa, mwache.

Sasa Jumamosi. Wale wazazi wakifika, waeleze habari ya bakuli kabla hawajamwona mbwa, na uwaambie wazi kwamba wewe mwenyewe humpendekezi kwa nyumba yenye mtoto mdogo kiasi hicho. Kisha waonyeshe mbwa wengine. Itakuwa vigumu, kwa sababu utakuwa unamfungia Jambazi mlango ambao ulionekana kuwa wazi, lakini kurudishwa mara ya tatu kungemfungia mingine mingi.

Yule mzee alikuja mara mbili. Mtu haji mara mbili kwenye mlango mmoja kwa kupita tu. Aliuliza kama mbwa anapenda kutembea, swali la mtu ambaye tayari anaiwaza njia watakayopita pamoja, kisha kadi ikamjibu kwa niaba yako. Huenda ana wajukuu wanaomtembelea, huenda hana nguvu za kumshika mbwa wa uzito huo, hayo muulize. Lakini kama anaishi peke yake na yuko nyumbani muda mwingi wa siku, bakuli linaweza kuwekwa pembeni na kuachwa hadi mbwa amalize, na likihitaji kuondolewa, arushiwe kitu kitamu mbali kidogo ili aliache kwa hiari. Kuachwa peke yake atafundishwa polepole, dakika moja, kisha tatu, kisha kumi, na mzee aambiwe mapema kwamba wiki za kwanza huenda mlango ukaparuliwa. Daktari wa wanyama amkague meno na tumbo kwanza, kwa kuwa maumivu huweza kumfanya mbwa yeyote alinde chakula chake.

Mtafute. Kama jina lake liko kwenye daftari la wageni, kituo kimpigie simu. Akikubali kuja, usimkutanishe na mbwa kwenye wavu. Alexandra Protopopova na Clive Wynne walitazama namna wageni wanavyokutana na mbwa vituoni, wakaripoti mwaka 2014 kwamba kwa wastani mtu huamua ndani ya dakika 8, na kwamba mbwa waliopata nafasi zaidi ni wale waliolala karibu na mgeni na wasiopuuza mwaliko wake wa kucheza. La kwanza mbwa wako analifanya kila siku. Mtoe nje nusu saa mapema, mtembeze hadi apungue mori, ukafike naye chini ya mti na umwache alale, ndipo mzee aje aketi upande wa pili, bila kumwinamia wala kumkazia macho, na kadi mpya aisome akiwa ameketi hapo.

Shangazi